Ndugu wa Baba Aliyekwenda Amerika

Mjukuu wangu Abdi,

Assalamu alaikum. Huku Waberi tuko salama, alhamdulillahi. Mvua imenyesha na ngamia wana maziwa, ila nyumba imekuwa kimya tangu mlipoondoka.

Unasema mwalimu wenu ametaka kila mtoto aandike habari za mtu wa kwanza wa ukoo wake kuhamia Amerika, nawe umemwandika baba yako. Hakuwa yeye.

Nilipokuwa kijana, tukiwa kisimani, nilimsomea baba yangu majina ya mababu, kuanzia langu kwenda juu, kama ilivyo desturi yetu. Mzee mmoja mpita njia akauliza, "Na Warsame, mbona simsikii?"

Baba akainamia ndoo. "Huyo ndugu yangu alipanda meli akaenda Amerika. Hakuacha mtoto wa kumtaja." Akaendelea kuwanywesha ngamia, nami sikuuliza tena. Mpaka leo sijui alizikwa wapi.

Basi mwandike Warsame.

Siku hizi sina mtoto wa kunisomea majina. Nayasoma mwenyewe baada ya swala ya alfajiri. Kila mtu huanza na jina lake. Mimi huanza na lako.

Babu yako,
Hassan