Bunduki ya Babu Kabla ya Februari Kuisha

Jumamosi, 4 Januari 2025

Imekuja! Leseni yangu ya bunduki imekuja, kwenye bahasha ya kahawia, imelala mlangoni pamoja na kipeperushi cha piza. Miezi minane nimesubiri. Askari alikuja mara mbili, akakagua kabati la chuma, akaniuliza kama nina huzuni, kama nagombana na mtu. Nikamwambia nagombana na dada yangu Sheikha tu, naye yuko Queensbury, hanifikii. Hakucheka. Nikajuta wiki nzima — mdomo wangu huu! Alhamdulillahi, leo nimepumua.

Wameniandikia nafasi ya bunduki moja, ile ya babu. Imebaki sahihi ya Baba ya kunikabidhi.

Nikampelekea chumbani kwake pamoja na chai. Akaisoma yote, mpaka maandishi madogo ya chini, akanirudishia. Akasema leseni yake mwenyewe inakwisha tarehe ishirini na nane Februari. Hataifanya upya. Na siku hiyo bunduki ipelekwe polisi ikapondwe.

"Mimi sikurithishi kitu kilichokufa, Malak," akasema.

Akafungua redio. Basi nikatoka.

Jumapili, 5 Januari

Niandike, maana yakikaa kichwani yananizunguka tu.

Bunduki ilikuwa ya Babu Abdulwakil, wa Witu. Ndiyo iliyozuia nyati mashambani, ndiyo iliyolisha nyumba. Risasi akizisubu mwenyewe: akiyeyusha madini ya risasi, akimimina kwenye kalibu yake ya chuma, kisha akizipaka nta. Alipokufa, vyote vikaja kwa Baba. Na Baba akaja navyo London mwaka sabini na nne, na karatasi zake zote. Huyu ni mtu aliyeangusha nyati akiwa na miaka kumi na saba, watu wa Witu waliniambia, si yeye.

Basi. Akapata kazi ya mizigo Heathrow. Majira ya baridi yale ya kwanza akajiunga na klabu ya shabaha huko upande wa Surrey, akaenda na risasi zake za kusubu. Hakupata hata ukingo wa karatasi. Si siku moja — Jumapili sita! Watu wakamcheka. Tangu hapo hajaifyatua tena. Miaka hamsini! Kila Idi huenda klabu, huitoa kabatini, huifuta, huirudisha.

Ukimuuliza, husema mtutu umekwisha. Mama, Mungu amrehemu, aliniambia kingine. Baba yako anaamini mkono wake ndio uliokwisha, alisema, na hilo hawezi kumwambia mtu.

Sasa mimi nina wiki saba. Ikipondwa, babu hana tena kitu duniani. Na Baba ataondoka na lile neno moyoni.

Jumamosi, 11 Januari

Nimesubu! Kwenye banda la bustani, mlango wazi, glavu, barakoa, ndege za Heathrow zinapita juu ya kichwa kila dakika mbili. Kalibu ya babu bado ina herufi zake, A.W., kazichonga kwa msumari. Madini nimepewa na Jaspal wa klabu, vipande vya paa la kanisa lililobomolewa. Sheikha akisikia hilo atazimia.

Baba nilimwomba kipimo cha nta. Nilidhani atanifukuza. Akanipa bila kuniangalia: nta ya nyuki sehemu mbili, samli sehemu moja, Bismillah wakati wa kumimina. Ni kipimo cha babu, hakibadilishwi. Nikafanya vivyo hivyo.

Za kwanza zimetoka na makunyanzi, nimezirudisha sufuriani. Baada ya hapo zikatoka laini, zinang'aa. Arobaini. Mikono inaniuma na nina furaha kama mtoto.

Jumapili, 12 Januari

Aibu tupu.

Jaspal ndiye mtunza bunduki wa klabu. Singasinga wa Nakuru, mtu mzima, Kiswahili chake kimekaa Nakuru mpaka leo. Yeye ndiye anayepima baruti na kufunga risasi kwenye maganda, mimi hapo sigusi. Bunduki bado iko chini ya leseni ya Baba, lakini kwa kuwa mimi ni mwanachama naruhusiwa kuipiga palepale uwanjani.

Nimepiga kumi. Mbili zimegusa karatasi, na hizo nazo zimepita ubavu — tundu refu, kama tundu la ufunguo. Nane Mungu ajua ziko wapi. Baridi ilikuwa kali, majani yote meupe. Wazungu wawili wa meza ya pili walikuwa na adabu sana, hawakucheka, nikaona afadhali wangecheka.

Basi hivi ndivyo alivyojisikia Baba. Jumapili sita!

Nimerudi nyumbani. Baba alinusa baruti kwenye koti langu, akageuza uso.

Jumapili, 26 Januari

Habari nzuri moja, na leo hiyo moja yanitosha.

Jaspal alifanya kazi ya kusafisha mtutu wiki mbili nzima. Ndani kulikuwa kumegandana madini, tabaka juu ya tabaka, kuna ya kwangu na kuna ya mwaka sabini na tano! Akasugua, akaloweka, akasugua. Leo kaniita, akaweka taa upande mmoja, akaniambia nichungulie. Mistari ya ndani, ile inayoizungusha risasi, yote ipo! Imezunguka vizuri, ina makali, utadhani imetoka dukani jana.

"Dada, hii mtutu iko sawa kabisa. Nani alisema imekwisha?"

Nilikaa chini kwenye benchi. Haijafa. Haijafa, wallahi.

Lakini tukapiga tena tano, na tano zote zikapotea. Jaspal akakuna ndevu. Kosa liko kwenye risasi, akasema, si kwenye bunduki. Madini yale yale, kalibu ile ile, kipimo kile kile cha babu. Sasa kosa gani?

Jumatano, 29 Januari

NIMEJUA.

Nilikuwa naandaa mahamri. Hita ya jikoni imeharibika tangu jana, jiko lote baridi. Nikatia kijiko kwenye kopo la samli, kijiko kikapinda. Samli imekuwa jiwe! Nikaanza kulalamika peke yangu: Mombasa kwa bibi, mpaka nimekuja huku na miaka kumi na tisa, sijawahi kuona samli ngumu, ile ukiinamisha kopo inamwagika—

Nikaacha unga pale pale. Nikakimbilia bandani na ndara. Nikachukua risasi moja, nikaikwangua kwa ukucha. Nta ikabanduka kipande, kavu, kama rangi ya ukutani. Zote! Zote hivyo hivyo. Nta inayotakiwa kuteleza ndani ya mtutu haitelezi, inavunjika na kubaki nje, na madini yanasugua chuma kwa chuma.

Babu alipima kwa joto la Witu. Kwa Witu kipimo hicho ni sahihi kabisa. Baba akakileta hapa kama alivyopewa, hakuongeza, hakupunguza. Kwa heshima.

Miaka hamsini kwa sababu ya samli! Nimecheka mpaka nimelia, unga umenijaa usoni. Mahamri hayakuumuka. Baba kala mawili. Sijamwambia. Kwanza nihakikishe.

Jumapili, 2 Februari

Jaspal aliposikia alipiga paji lake kwa kiganja. Muda wa kusubu upya haukuwepo, kwa hiyo nikafanya la uswahilini: risasi kumi zilizokwisha kufungwa nikazivaa ndani ya koti, kwapani, nimebana mikono kama kuku. Saa nzima. Jaspal kaniletea chai na kunishikia kikombe.

Nikapiga tatu za moto. Tatu zote kwenye karatasi! Matundu mviringo, safi. Nikapiga moja ya baridi, ikapotea. Moja ya moto tena, ikaingia. Hapo sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Kesho nitachanganya nta mpya, nitie na mafuta ya zeituni ilainike. Babu anisamehe.

Jumatatu, 3 Februari

Ya Rabbi. Asubuhi niko kituo cha basi, saa kumi na moja na nusu, naenda shifti. Natia mkono mfukoni natafuta pipi. Nashika nini? Risasi! Haina ganda wala baruti, kipande cha madini tu kilichobaki jana. Lakini mimi kazi yangu ni kukaa mbele ya skana Heathrow na kuwatolea watu vitu kama hivyo mabegini! Ningepita nayo mlango wa wafanyakazi, ningeeleza nini? Kazi ingekwenda, na leseni ingeifuata.

Nimerudi nyumbani mbio. Nimechelewa dakika ishirini na tano, nimegombezwa na msimamizi, na sijawahi kufurahia kugombezwa kama leo. Koti la klabu sasa linakaa bandani. Halitoki!

Jumapili, 9 Februari

Nta mpya. Risasi mpya, zimekaa baridini pamoja na mimi, hakuna cha kwapani. Tano kwa mita mia. Jaspal akatazama kwa darubini, hakuondoa jicho, nikadhani nimeharibu. Kumbe anahesabu mara mbili. Tano zote ndani ya duara la kisahani cha kahawa!

Nikarudi na karatasi nimeikunja kifuani. Baba alikuwa amemaliza kusali laasiri. Nikaitandika mkekani mbele yake. Akapitisha kidole kwenye matundu, moja moja.

"Bunduki gani hii?"

Nikamwambia ya babu. Na risasi za kalibu ya babu. Kisha nikamweleza yote, samli, kijiko, ukucha, Witu na hapa. Nilisema haraka haraka maana niliogopa atanikatiza. Hakunikatiza. Nikamuuliza mbona enzi zile hakutumia nta ya klabu, si walimpa? Walimpa, akasema. Aliikataa. Ilikuwa mafuta ya nguruwe. Nikauliza nani alimwambia ni nguruwe. Hakuna aliyemwambia, ila yalikuwa meupe, na yeye alikuwa mgeni, akaona haya kuuliza.

Akatazama kiganja chake.

"Basi si mkono wangu," akasema.

"Si mkono wako, Baba."

Akashika goti langu, akainuka, akaenda chooni, akafungua maji ya bomba. Maji yalikwenda muda mrefu sana. Mimi nililia pale pale mkekani, lakini kilio cha raha, mzigo umeshuka.

Jumatatu, 10 Februari

Fomu ya kunihamishia bunduki nimeiweka kwenye trei yake ya chai. Trei imerudi. Fomu haijarudi. Haina sahihi wala haijachanwa. Sheikha kapiga simu kuuliza lini chuma hicho kinapondwa, nikamwambia asubiri.

Jumanne, 18 Februari

Bado. Zimebaki siku kumi. Leo nimemkuta Baba amesimama mbele ya dirisha na fimbo yake ya kutembelea, ameiegemeza begani, jicho moja amelifumba. Nikarudi nyuma kimyakimya.

Jumapili, 23 Februari

Naandika uwanjani, kwenye benchi ya nyuma, kidole kimekufa ganzi.

Asubuhi nimemkuta sebuleni amevaa suti na kofia ya kiua, viatu vimepigwa rangi. Akasema kabla ya mfungo anataka kwenda klabu. Jaspal alimpokea kwa mikono miwili, akamwita mzee, akampangia mifuko ya mchanga mezani. Mikono ya Baba inatetemeka, ana miaka themanini na tatu. Akikosa leo? Leo akikosa hakuna samli ya kusingizia.

Aliigusa bunduki kwanza kitakoni, palipofungwa waya wa shaba tangu enzi za babu. Kisha akakaa. Alipoiweka begani ule mtetemo ulikwisha. Sijui ulikwenda wapi. Nikamsikia, "Bismillah," polepole.

Moja. Akasubiri, akavuta pumzi. Mbili. Tatu akaichelewesha mpaka nikataka kupiga kelele. Nne. Ya tano hakuipiga; alishusha bunduki, akaifungua, akaitoa risasi, akaifuta, akaitia mfukoni kwenye kizibao. Jaspal kamkumbusha kwa upole kwamba hiyo haitoki uwanjani. Akairudisha akicheka! Baba anacheka!

Bendera ya kusitisha kupiga imepandishwa. Jaspal amekwenda kuileta karatasi, namwona anarudi, anatembea haraka kwa mtu wa umri wake, lakini ameigeuza ile karatasi, mgongo wake uko kwangu, sioni kitu. Baba hamtazami. Ametoa kitu kwenye mfuko wa ndani wa suti, anakikunjua mezani, ananyoosha mikunjo kwa kiganja. Ni fomu. Wiki mbili alikuwa nayo kifuani.

Sasa amegeuka, ananinyooshea mkono. Anataka kalamu. Hakuna nyingine ila hii ninayo