Kamera ya Marehemu Othmani

Mwanjelwa, Mbeya
14 Agosti 1976

Mdogo wangu Siwema,

Assalaam alaykum. Naomba ikukute mzima huko Iringa, goti limepoa na uvivu wa kuandika umekutoka. Mimi mzima. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, wa kisomo cha watu wazima, usiucheke.

Mjukuu wetu Muhidini kanunua kamera mpya, ndogo kama kipande cha sabuni. Inapima mwanga yenyewe, yeye anabonyeza tu. Basi kichwa kikavimba. Akasema ya marehemu babu yake ni chuma kizito, atamuuzia mwalimu mmoja wa hapa mtaani. Nikaisukuma chini ya kitanda changu, nikamwambia aje aichukue kama ana ubavu.

Jumamosi iliyopita akapiga picha za harusi ya jirani. Wanaume wote kanzu, nyuma yao ukuta wa chokaa. Picha zikatoka kanzu zinang'aa, nyuso masizi matupu. Baba wa bibi harusi akaja amefura. Binti anaondoka kesho kwa mumewe Tunduma, na yeye hana picha naye hata moja. Akasema studio ya Othmani imekufa na Othmani, na atawaambia watu.

Nikawaita baba na binti wavae tena, wasimame palepale. Nikaitoa kamera chini ya kitanda. Nikamwambia mjukuu wako kidude chake kikiona nguo nyeupe kinadhani mwanga umezidi, kinafumba. Nyuso za watu hakizijui. Nikazungusha pete ya lenzi mpaka mwisho, nikairudisha kwa kidole, tik, tik. Akataka kunisomea namba za kwenye pete.

"Nyamaza, nahesabu."

Jioni tukasafisha picha. Hadi machozi ya yule baba yanaonekana. Akaishika kwa mikono miwili, akasema hiyo ndiyo kazi ya Othmani.

Hapo nikachoka kuficha, Siwema. Macho ya Othmani yaliingia ukungu mwaka sitini na tatu. Yeye alikuwa anawaketisha wateja na kuwachekesha, mimi nikijifanya nashika stendi ya kamera. Namba sikuzijua, ndiyo maana nikajifunza kwa milio. Tulificha, nani angekuja kupigwa picha na mke wa mtu? Ile picha ya mama ukutani kwako, unayowaringia wageni kuwa shemeji alikuwa fundi, niliipiga mimi. Acha kuwadanganya watu.

Muhidini sasa anazungusha ile pete amefumba macho. Akikosea namgonga vidole.

Nisalimie shemeji Magesa na wote wa nyumbani, na ujibu.

Dada yako,
Mwantumu binti Salehe,
mpiga picha