Mama na Mlinzi wa Kordoba

Shikamoo Da Raya,

Mvua ya Stechford tumewaachia nyinyi. Hapa Kordoba jua kali. Leo tulimpeleka Mama kwenye ule msikiti wa kale uliogeuzwa kanisa. Waislamu hawaruhusiwi kusali humo, basi kila Mama akiinama kufunga kiatu, mlinzi anakuja mbio akidhani anasujudu. Na magoti yale, mwaka wa tano huu Mama anasali akiwa kitini.

Mwisho akaenda kukaa kwenye benchi, kimya. Mlinzi akamhurumia, akamletea maji, akasimama kushoto kwake. Mama alipomaliza adhuhuri yake akageuza uso kulia, kisha kushoto, akatoa salamu. Mlinzi akaitikia kwa kichwa.

Wabusu watoto. Mama anataka turudi kesho, akasali na sunna.

Mdogo wako,
Zuhura