Moshi wa Arusi ya Mama Yako

Mujukuu wangu Furaha,

Siye hapa Bunia tuko wazima. Mama yako anakusalimia, mbuzi amezaa mapacha, na weye umechelewa kuandika.

Umeniuliza kama marashi uliyonitumia, ile nyeusi yenye kunuka miti na moto, iko muzuri. Iko muzuri, lakini wenye kuitengeneza hawakuvumbua kitu. Kwetu Boga, bibi arusi anafunikwa blanketi, anakaa juu ya moshi wa miti ya harufu mpaka inaingia ndani ya ngozi.

Wakati wa vita tulikimbilia Ngezi, na mama yako akaolewa huko. Nilimuwashia moto muchana, na hilo ndilo kosa langu. Siku zile, watu wakiona moshi juu ya nyumba walijua wachomaji wamefika. Jirani akaingia mbio na ndoo, akamumwangia bibi arusi maji yote.

"Mama, umeniua na woga!" jirani akaniambia.

"Na weye umezima arusi ya binti yangu!" nikamujibu. "Miti ingine sina!"

Huyo jirani, mukimbizi aliyetoka Fataki, akasikia haya. Akaleta miti aliyowekea binti yake mwenyewe. Tulipowasha tena, akasimama mulangoni, akapigia watu wote kelele: "Musikimbie! Ni arusi!"

Marashi yako nitaipaka nikienda kanisani. Lakini siku utaolewa, utakuja kukaa juu ya moshi kwangu. Sikuulizi.

Tate wako