Mtu wa Kukaa Nyuma Yangu

Kariakoo, 4 Aprili 1955
Mvua tangu alfajiri, Jangwani hapapitiki.

Mdogo wangu Mbaruku,
Salamu nyingi. Sisi wazima, hofu yetu ni wewe. Umeniandikia kwamba daktari wa hospitali ya huko Uingereza amekupa dawa mpya, inayomwonyesha mtu mambo, ili ikutoe kwenye huzuni iliyokushika tangu baba afe nawe uko mbali. Kwamba walikufungia chumbani peke yako, kuta zikapumua, ukapiga kelele hadi jioni. Na sasa wanataka kukupa tena.

Baba mdogo Sadalla anataka urudi upungwe pepo. Kasema barazani, “Akinywa tena, asikanyage hapa.”

Mimi nasema kunywa, ukitaka. Kichwa ni chako. Ila hata mganga wa hapa mtaani hamwachi mgonjwa peke yake: mtu hukaa nyuma yake, akamshika, na mgonjwa huulizwa anataka nini. Dai hilo. Wakikataa, nawe kataa.

Tangu barua yako ije sijapata usingizi.
Dada yako, Kuruthumu

Uingereza, 26 Aprili 1955

Dada, shikamoo. Hujambo na mafua yako ya masika?
Daktari alicheka. Nikamwambia bila mtu sinywi. Mwisho akamleta Marcelino, Mgoa anayefagia wodi, aliyekulia Dar. Akakaa nyuma yangu, mkono begani. Dawa ilipopanda, maua ya pazia yakaanza kutembea, kisha nikauona ua wetu na jeneza la baba.

“Haya bwana, unataka nini?” akaniuliza kwa Kiswahili.

“Kumzika.”

Nikalibeba, dada. Nililia mpaka shati la Marcelino likalowa.

Daktari anasema ubongo wenye huzuni huzunguka njia moja tu, na dawa huutoa humo kwa muda. Kama utarudi humo, hajui. Hata mimi sijui. Lakini nakula, na asubuhi naamka. Mwambie baba mdogo sirudi kupungwa. Nikirudi, narudi kwetu.
Mdogo wako, Mbaruku

Kariakoo, 6 Mei 1955
Mawingu, bila mvua.

Mdogo wangu,
Nafurahi unakula. Barua yako niliisoma barazani kwa sauti, wazee wakinywa kahawa. Baba mdogo akasema mwanamume halii.

Nikamwuliza, “Aliyeangua kilio pale kaburini, akashikwa na watu wawili, alikuwa nani?”

Mzee Uwesu akaficha kicheko kwenye kikombe. Baba mdogo akachukua bakora yake, akaondoka.

Nyumba aliijenga baba. Chumba chako nimekipaka chokaa, na ufunguo ninao mimi.
Dada yako, Kuruthumu

Asubuhi, kabla ya kwenda posta: jana nililala saa tatu usiku hadi adhana ya alfajiri.