Kwa Bibi, Katikati ya Mto

Ipyana, Kyela

Ugonile, mama yangu. Nimefika salama kwa mjomba Ambakisye, na wali wa huku bado unanukia mpaka barabarani.

Jana nilimwambia nataka kwenda kupalilia kaburi la bibi kama ulivyonituma. Alinipeleka mtoni Kiwira, tukapanda mtumbwi, na katikati ya maji akaacha kupiga kasia, akavua kofia. “Tumefika kwa bibi yako,” akasema.

Mama, kaburi limechukuliwa na mto masika haya. Mjomba alishindwa kukwambia kwa simu. Nami nimeshindwa, ndiyo maana naandika. Anasema zamani maji yalipanda taratibu, yakaacha tope zuri kwenye mpunga, yakarudi. Siku hizi mvua ya mwezi mzima inamwagika kwa siku mbili. “Lakini matete aliyoyapanda bibi yako pale ukingoni tuliyafyeka sisi wenyewe,” akasema, “ili tupate majaruba mawili zaidi ya mpunga. Na majaruba yenyewe yamekwenda.”

Jembe ulilonipa halikukaa bure. Leo tumeshinda tukipanda matete mbele ya kaburi la babu. Kati yake na maji imebaki migomba mitatu.

Usimgombeze mjomba, amekonda sana. Mwisho wa mwezi nakuja na mchele mpya. Usilie peke yako, mama. Nisubiri tulie wote.

Mwanao,
Tusajigwe