Kibete Chekundu na Mwenzake

Dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta umeketi, na lile goti limeacha kukusumbua. Wapwa zangu hawajambo? Mwambie yule wa mwisho kwamba mjomba wake bado ndiye anayezungusha mbingu. Mimi mzima kabisa. Ninakula, ninalala, na hapa kituoni naheshimiwa kupita kiasi.

Habari kubwa ni kwamba tumegundua kitu angani. Nasema tumegundua kwa sababu kuba la darubini halizunguki bila mimi kutia grisi magurudumu yake, na likikwama nalisukuma kwa bega hili hili, peke yangu, wakati wanaume wanne wameshindwa.

Kuna nyota moja jirani. Jirani kwa hesabu zao, maana hata ungepanda ndege leo ungezeeka njiani na wajukuu wako wakazeeka pia. Wanaiita kibete chekundu: ndogo, hafifu, bila darubini huioni hata ukodoe macho yatoke. Mkuu wa kituo, mama mmoja mkavu asiyejua kucheka, aliona nyota hiyo inayumbayumba kama mtu anayevutwa shati na mwenzake asiyeonekana. Akaitazama kwa kamera ya joto, na kweli, ubavuni pake pana nukta.

Badala ya kushangilia, akaniita mimi. Dada, humo kubani ni marufuku kuingia na kitu cha moto, hata kikombe cha chai, maana kamera hiyo hunasa joto lolote, na mwaka jana nilikamatwa humo nikichemsha maji kwa birika langu la umeme. Basi akanieleza wazi: ama nukta ile ni mwenzake nyota, ama ni birika langu, na kama ni birika, nifungashe virago siku hiyo hiyo. Akataka nimwambie birika liko wapi.

Unanijua, sijawahi kukosa la kusema. Siku hiyo nilikosa. Vijana wa kompyuta wakaanza kunitania kwamba leo Mzee Redio amekatika umeme.

Ndipo akaingia fundi cherehani wetu, anayeshona mapazia na vifuniko vya mitambo, birika mkononi. Akalitua mezani, akamwambia mkuu kwamba limekaa chumbani kwake tangu mvua zianze, kwa kuwa mwenyewe huja kunywa chai kwake kila jioni, na waache kumtisha mtu wa watu. Mkuu alicheka, dada! Alicheka hadi akavua miwani. Picha ikapigwa upya, birika likiwa ofisini kwake na mimi nimelilinda kama askari, na nukta iko pale pale. Wanaiita kibete cha kahawia. Kilitaka kuwa nyota, kikapungukiwa uzito, hakikuwaka. Lakini joto kinalo, na nyota yake haiwezi kutulia kikiwapo.

Sasa umeshaelewa. Ndiyo maana kila likizo nilitoa udhuru, mara kuba limekwama, mara mkuu hawezi kupumua bila mimi. Kwa yule mwalimu uliyenitafutia nitakwenda mwenyewe kuomba radhi. Wewe ulitoa neno kwa nia njema, aibu hiyo niachie. Huyu fundi wangu ni mjane, ananizidi miaka, na hasemi sana. Mimi nitasema ya wote wawili. Nataka kumuoa.

Jumamosi tunakuja kwako. Ameniuliza jambo moja tu, kama wewe unajua, maana usipomkubali yeye hataki. Nikamjibu kwamba nilikuandikia zamani, na kwamba ulifurahi mpaka ukalia. Kwa hiyo nakuomba sana, dada, ukifika hapa kwenye barua, lia kidogo.

Msalimie shemeji na watoto. Salamu zitakazobaki wagawie majirani.

Ni mimi mdogo wako,
Mzee Redio